Baiskeli ya Faridi Isiyokwenda Popote

Mpangaji wangu Zénon alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, na niseme mapema: fizikia ni ugonjwa. Mtu akiupata hawezi tena kupita mahali akanyamaza. Ukifungua mlango, anakueleza kwa nini fundi aliweka kitasa mbali na bawaba. Ukipuliza chai, anakueleza lile joto limekwenda wapi. Mi, Mwavita, nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa mafundi na wa watu wenye midomo, nikadhani maneno yote ya Bujumbura nimeshayasikia. Kumbe nilikuwa bado.

Alikuja kwangu wakati wa vita, mtaa wake ulipochafuka na watu wakawa wanalala na viatu miguuni. Buyenzi kulikuwa na nafuu, kwa hiyo kila mwenye chumba cha ziada alipata mpangaji. Huyu alifika na sanduku moja, boksi la vitabu, na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema, "Mi ni profeseri wa fizikia kwenye lise, Mama." Nikamuuliza kama anakunywa pombe. Akafikiri sana, akasema, "Kidogo, Jumapili, siku ya Mungu." Nikampenda kwa kuwa hakudanganya, nikampa chumba cha uani, kile kinachopakana na stoo. Kumwambia kwamba nimempenda, hilo sikufanya. Mpangaji hadekezwi.

Alikuwa na tabia ya kueleza, hiyo nimeshaisema. Alikuwa na nyingine mbaya zaidi: hakujua kusema apana. Huko milimani Muramvya alikotoka wamelelewa hivyo, jirani akikuomba kitu humkatalii usoni. Unasema "tutaona", unasema "kesho", na yule mwombaji, naye kwa adabu zake, anaelewa na kwenda zake. Lakini Buyenzi ukimwambia mtu kesho, kesho alfajiri yuko mlangoni. Zénon aliombwa pasi akatoa, akaombwa mwavuli akatoa, akaombwa hata mkanda wa suruali akatoa, akaenda kufundisha mkono mmoja uko kiunoni unashikilia suruali.

Siku moja mabomba ya mtaa yalikauka, nikaenda kuteka mbali. Wakati wa kurudi, bidoni ya maji iko kichwani, nikamkuta mdogo wangu Mwantum getini, tukasimama kuzungumza. Mazungumzo yetu si ya haraka. Zénon alikuwa kibarazani anasahihisha mitihani. Akanitazama juu ya miwani.

"Mama Faridi, unajua kama sasa hivi hufanyi kazi yoyote?"

Mwantum akarudi nyuma, maana ananijua.

"Rudia," nikamwambia.

"Kwa fizikia, Mama. Ulipoinua bidoni toka chini mpaka kichwani, pale ulifanya kazi. Ulitia nguvu, na kitu kikasogea kule nguvu ilikokisukuma. Lakini sasa bidoni iko palepale, haipandi. Kazi unayoifanyia bidoni sasa ni sifuri."

Nilishusha ile bidoni nikamtwika yeye, nikamwambia asimame hapo mpaka fizikia imhurumie. Akasimama. Jasho likamtoka, shingo ikaanza kutetemeka, na bado anaeleza: misuli inakaza na kulegea ndani kwa ndani, inachoma chakula, inatoa joto, ndiyo maana mutu anachoka, lakini bidoni yenyewe haipati kitu. "Nishati inatoka kwangu, Mama Faridi," akasema kwa taabu, "ila haiingii kwa bidoni." Nikamwambia vizuri, sasa umejua ya kwangu ilikokwenda miaka yote hii. Tangu siku ile maji yakikatika alikuwa anakwenda kuteka yeye.

Sasa niseme habari ya stoo. Mle ndani, imefungwa kwa kikwembe, kitenge changu cha zamani, kulikuwa na baiskeli ya mwanangu Faridi. Ni mtoto wangu wa pekee. Kabla Zénon hajaja, siku risasi zilipolia karibu, kila mtu alishika njia yake. Mi nilikimbilia Ruziba kwa shangazi yangu. Faridi alikuwa mjini, akaondoka na vijana wenzake, ikasemekana wamevuka ziwa. Mambo yalipotulia mi nikarudi, yeye hakurudi. Hakuna aliyeniambia amekufa na hakuna aliyeniambia yuko hai, na mtu akiwekwa hapo katikati anaishi vibaya sana. Nilikuwa nafuta vumbi la baiskeli ile kila Ijumaa, nafunga tena, nafunga na mlango.

Watu waliiomba kwa kila namna. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, esanse, yaani petroli, inauzwa kwa chupa pembeni mwa barabara, mabasi yamelala, mwenye baiskeli ndiye bosi. Walikuja kwa upole, wakaja kwa kunililia, wakatuma wake zao. Mi ninajua kusema apana. Nilizaliwa nalo neno hilo.

Basi siku moja Bahizire, mfanyabiashara wa vikwembe kutoka Uvira, akaja kula kwangu. Napika sombe ya kuuza, ile ya majani ya muhogo, naitwanga mwenyewe kila siku kwenye kinu. Akala, akanawa, ndipo akasema, "Mama Faridi, kambini kwa wakimbizi, ng'ambo kule Tanzania, walipita watu wa redio na mashine ya kunasa sauti. Kuna kijana wa Buyenzi amesema kwenye mashine, jina lake Faridi. Watamtoa redioni Ijumaa hii inayokuja, baada ya alasiri, kwenye salamu za waliopotezana."

"Faridi gani?"

"Mi sikumuona. Nimeambiwa tu, Faridi wa Buyenzi."

Buyenzi ukiita Faridi wanageuka nusu ya msikiti. Jina halikunisaidia kitu. Nilichotaka ni sauti, kwa sababu sauti ya mwanangu naijua hata akikohoa. Na redio iliyokuwa inafanya kazi haikuwepo uani kwetu, wala kwa majirani. Umeme ulikuwa unakuja kwa mapenzi yake, na betri ndogo za kutia redioni zilikuwa zimepotea madukani.

Zénon alisikia yote, ukuta wangu si mnene. Akaja mlangoni anasugua mikono.

"Mama Faridi, nina wazo. Lakini linataka baiskeli."

"Apana."

"Nieleze kidogo tu."

Nani alishawahi kumzuia. Akaeleza kwamba redio haijali umeme unatoka wapi. Ukila ugali, umeweka nishati tumboni. Ukikanyaga pedali, nishati ile inashuka miguuni, inaingia kwenye gurudumu, gurudumu linazungusha dinamo ya gari, dinamo inaigeuza kuwa umeme, umeme unakaa kwenye betri unangoja. Njiani inapotea mingi, nyingine inakuwa joto, nyingine kelele, ila haipotelei hewani bure, inabadilika sura tu. "Siku ya Ijumaa ukifungua redio," akasema, "itakayoimba ni sahani ya ugali iliyozunguka njia ndefu."

Nilimtazama sana. Nikaenda kufungua stoo. Nikamwekea sharti moja: baiskeli ya Faridi isitoke getini, gurudumu lake lisikanyage barabara yoyote. Akaniapia, "Haitakwenda popote, Mama."

Aliiinua nyuma kwa matofali, akatoa tairi, akapitisha mkanda wa mpira mpaka kwenye dinamo ya Volkswagen ya zamani. Dinamo hiyo, na redio ya gari hilohilo, na betri, vyote vilitoka kwa Massoudi, fundi wa magari jirani yangu, alitoa bila kudai kitu. Dinamo ilikuwa imechoka. Ukiizungusha inapiga kelele mpaka mbuzi wa nyumba ya tatu wanakata kamba. Haikutusumbua, maana wakati wa kujaza betri hakuna anayesikiliza redio. Kila alasiri Zénon alirudi kutoka lise, akavua viatu, akapanda, akakanyaga polepole mpaka saa ya amri ya kufungiwa ndani ilipokaribia. Watoto wa mtaa wakawa wanakuja kumuuliza amefika wapi. Yeye akawajibu Gitega, siku nyingine Ngozi, uso mkavu kabisa. Alhamisi tukaijaribu redio, ikaimba vizuri, nikaenda kulala.

Ijumaa nilipika mapema, nikaswali, nikavaa nguo safi, sijui kwa nini, redio haioni mtu. Nikatoka uani. Baiskeli ipo, redio ipo, Zénon amesimama anatazama vidole vya miguu yake. Betri haipo.

"Massoudi aliiomba kidogo," akasema.

Kutoka barabarani nikasikia gari linaguna, krr, krr, krr. Massoudi alikuwa ameinamia taksi ya mteja, Toyota, iliyokunywa esanse ya chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa. Gari la namna hiyo haliwaki hata ulisomee dua. Yeye alizungusha ufunguo, akazungusha tena, akazungusha, mpaka betri ikawa inasema kik, basi. Nilichomwambia siwezi kukirudia, ilikuwa Ijumaa.

Nikarudi kwa Zénon. "We ulijua."

"Nilijua, Mama Faridi. Lakini dinamo ni yake, redio ni yake, betri ni yake. Ningemkatalia namna gani?"

"Kwa mdomo."

Massoudi alikuwa amekuja nyuma yangu na betri kifuani, uso umeanguka. Akasema hakuiwasha muda mrefu, dakika kidogo tu, na kwa betri hiyohiyo redio ingeimba jioni nzima, sasa imekwishaje? Kawaida gari likiwaka linarudisha lilichokula. Na Zénon, badala ya kwenda kujificha chumbani kama mtu mwenye akili, akaanza kueleza. Nishati ndani ya betri ni wali ndani ya chungu. Redio ni mgeni mwenye haya, anachota kijiko kijiko, chungu kinafika jioni. Stata ya gari, ile mota ya kuliwasha, inapakua kwa beleshi. "Usiulize tu amekaa mezani muda gani," akasema. "Uliza muda, uliza na ulafi. Ule ulafi, ule upesi wa kumaliza chungu, ndiyo sisi tunaita puissance."

"Profeseri," nikamwambia, "mwanangu anasema leo. Baada ya alasiri. Labda ni yeye."

Akaacha habari ya wali. Kisha akashika zile nyaya za dinamo zilizokuwa zinakwenda kwenye betri, akazileta kwenye redio yenyewe.

"Tuache chungu. Kitakachopikwa kiliwe palepale, dinamo mpaka redio. Lakini miguu ikisimama, redio inakufa. Na mwendo uwe mmoja tu. Ukipunguza haisikiki, ukizidisha inaungua." Alifunga na taa ndogo ya nyuma ya gari, ili mwanga wake umwambie umeme ni mwingi au mdogo. Nyaya ilibidi azishike mwenyewe kwa vidole, nafasi ya kufunga vizuri haikuwepo, kwa sababu mwadhini alikuwa ameshaita alasiri.

Habari ilikuwa imeenea. Uani kulijaa watu, wengi wao wana mtu wao aliyepotea. Dévote wa ng'ambo ya barabara alikuja na kigoda, mumewe alikuwa hajaonekana tangu mwaka uliopita. Zénon akasema tunataka mtu mwenye nguvu. Wakamsukuma mbele Bonfils, mbeba magunia wa sokoni, mtu mwenye mgongo mpana kuliko mlango wangu. Bonfils akapanda akakanyaga kama anafukuzwa na polisi. Taa ikawa nyeupe, redio ikalia kwa uchungu, Zénon akawa anapunga mkono, "Polepole, utaiua." Bonfils akapunguza, redio ikafa. Akaongeza, ikalia. Mtu yule amezoea kubeba gunia mbio na kulitua, mwendo wa katikati hana. Massoudi akapanda kwa kutubu, lakini sigara zake zikamshusha kabla hatujasikia neno.

"Nguvu ziko nyingi hapa," Zénon akasema, jasho linamtiririka. "Ninataka mutu wa kutoa kidogo, ileile, bila kubadilika."

Mwantum akanitazama. "Dada, we unatwanga sombe kila siku toka tukiwa wasichana. Mkono wako haujawahi kukosa pigo."

Sijapanda baiskeli maisha yangu. Mwanamke wa Buyenzi, mtu mzima, mama wa Faridi, apande baiskeli mbele ya wanaume. Lakini ile ilikuwa haiendi popote, haiwezi kuniangusha. Nikasema leteni vikwembe. Wanawake wakavishika kunizunguka kama pazia, kuanzia kiunoni kwenda chini, kichwa changu tu kikabaki juu. Bonfils akacheka, nikamkumbuka kwa ajili ya baadaye.

Nikakanyaga. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kama mchi unavyopanda na kushuka. Kinu hakitaki hasira, kinataka uendelee. Taa ikawaka njano ikatulia. Nikaona watu wote wanainamia redio kwa pamoja, midomo imefungwa, nikajua inasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mi sisikii kitu. Dinamo iko chini yangu, inapiga kelele zile za kukata kamba za mbuzi, zinapanda kwenye mifupa mpaka masikioni. Nyaya ni fupi, redio haisogei. Ninaona mdomo wa Zénon unaniambia kitu, naona mkono wake mmoja ameulaza sawa hewani, maana yake endelea hivyohivyo. Mtu wa kuijua sauti ya Faridi ni mimi, na kati ya watu wote uani mimi peke yangu sikuweza kusikia. Nikisimama ili nisikie, hakuna cha kusikia. Nililia, niseme ukweli. Nililia na miguu inakwenda mwendo uleule.

Nikabaki kusoma nyuso. Majina yakapita, nyuso hazikubadilika. Mzee mmoja akainua mikono, amempata wake. Nyuso zikatulia tena. Kisha nikaona Massoudi anashika kichwa. Bonfils akafungua mdomo. Mwantum akaachia ncha yake ya kikwembe, ikaanguka, akanikimbilia, akaweka mdomo wake ndani ya sikio langu.

"Ni yeye. Dada, ni yeye."

"Unajuaje?" nikapiga kelele.

"Amesema mi ni Faridi wa Mwavita, wa Buyenzi, niko muzima. Amesema mwambieni Mama asimpe mutu baiskeli yangu, hata akiomba vizuri."

Ua mzima ulikuwa unaitazama baiskeli. Kisha wakamtazama Zénon, aliyeiomba vizuri, na maskini nyaya ziko mikononi hawezi hata kukimbia. Mi nilicheka. Nilicheka na kulia vyote kwa pamoja na pua inatoka, na nilitaka kushuka nianguke chini nimshukuru Mungu. Lakini nikamwona Dévote. Amekaa kwenye kigoda chake, sikio liko kwenye redio, bado anangoja. Majina yalikuwa hayajaisha. Basi nikaendelea kukanyaga.

Dévote hakupata kitu siku ile. Kipindi kilipokwisha Zénon akaachia nyaya, nikasimamisha miguu, dinamo ikanyamaza. Nikawaambia watu wote wasiondoke. Nilitaka na mimi nipewe sauti ya mwanangu. Kila mmoja akaniambia Faridi alivyosema, Mwantum kwanza, akifuata Massoudi, Bonfils, hata Dévote, maskini, akanishika mkono akaniigizia. Wote walikubaliana kwamba imekuwa nzito, sauti ya mwanamume. Nikamwambia Bonfils, kwa kuwa ana sauti nzito, arudie lile neno la baiskeli. Akarudia. Nikamwambia arudie tena.

Walipokwenda, nilibaki juu ya kiti cha baiskeli, miguu imekataa kushuka. Zénon alikuwa anakunja nyaya zake, hanitazami, nadhani alingoja nimfukuze.

"Profeseri," nikamwita. "Baiskeli hii haijatoka hapo ilipo hata kidogo. Leo nimefanya kazi ama sikufanya?"

Akafungua mdomo. Nikangoja gurudumu, nikangoja dinamo, nikangoja ugali na njia yake ndefu. Alivua miwani akaifuta kwa shati lake, akaifuta tena, akashindwa kuirudisha usoni. Nikamwambia chakula kiko ndani, aende akale kabla sijabadilisha mawazo.